Vidole Vyangu Vinamwachia Mbwa wa Dada

Mpendwa Mama Qondeni,

Ukurasa wako huu wa ushauri mimi huusoma ili niwacheke watu, sikufichi, na leo ni mimi ninayeomba msaada, kwa hiyo naomba uniandike Mchunu tu bila jina la kwanza, maana akina Mchunu hapa Mpophomeni tuko wengi kuliko mbuzi.

Kwanza unijue. Shule niliishia darasa la sita lakini kwa mambo ya mbwa mimi ni profesa, miaka thelathini nimewinda kwa mbwa kuanzia Karkloof mpaka chini ya milima ya Drakensberg, nimewahi kushika mbwa tisa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili nanywa chai, na mwaka ule wa mvua kubwa mbwa wangu walinivuta juu ya maji ya bwawa la Midmar nikiwa nimesimama wima, zikalowa soli tu, mashahidi wapo ingawa wawili wameshafariki. Sikwambii haya kwa majivuno, nakwambia ili umjue anayeogopa ni mtu wa namna gani. Maana ninaogopa, mama, na kinachoniogopesha ni mbwa mwenye uzito wa kuku.

Mbwa mwenyewe ni wa dada yangu Hleziphi. Huyu dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, sasa ni mjane, watoto hakujaliwa, na mwezi uliopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali Pietermaritzburg, na kabla gari halijaondoka akanikabidhi Khekhe, mbwa mweupe mwenye manyoya yanayomwingia machoni, pamoja na mfuko wenye mkanda mwekundu wa kuvalishwa kifuani, ule unaopita nyuma ya miguu ya mbele na kufungiwa mgongoni, na kamba yake yenye kulabu.

Akaniambia, "Mdogo wangu, kamba usimfunge shingoni. Shingo ya huyu ni kama bua. Mvalishe hiki kila mkitoka, hata kama mnaishia hapo getini."

Nikamwambia, "Dada, mbwa unanifundisha mimi?"

"Nakufundisha wewe hasa," akasema, na gari likaondoka.

Siku ya kwanza nilimvalisha, tena vizuri, nikatoka naye, na pale kwenye uzio alikuwa amesimama Sibiya, jirani yangu na mwenzangu wa kuwinda, mtu ambaye hana kazi nyingine zaidi ya kuangalia nani anatoka na nini. Akamtazama Khekhe muda mrefu.

"Mchunu, huyo unawinda naye nini? Panzi?"

"Ni wa dada."

"Na hiyo sidiria nayo ni ya dada?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapita na magunia ya kabeji walicheka mpaka wakayatua magunia. Basi nikarudi ndani, nikamvua ule mkanda mwekundu nikautundika msumarini, nikatafuta kola ya zamani ya mbwa wangu mmoja wa kuwindia, nikaitoboa tundu jingine ili imkae shingoni, nikachukua na ukanda wangu wa kuwindia, nikatoka tena kama mwanamume.

Sasa sikiliza, mama, maana jambo lenyewe liko hapa. Ukanda wa kuwindia haufungwi. Ni ngozi ndefu, ncha moja imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, unaipitisha kwenye pete za kola za mbwa wote, na ncha ya pili umeibana kwa vidole. Mnyama akichomoka unafungua vidole, ngozi inateleza kwenye pete, mbwa wote wanaondoka kwa pamoja. Na hufungui kwa kufikiri, ukianza kufikiri sungura ameshafika Lesotho. Mkono unajifungua wenyewe, na mkono wangu ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote, watu walikuwa wanatoka Howick kuja kuuangalia.

Jumanne tulikuwa tunaelekea dukani, mbwa wawili wa mwenye duka, wakubwa, wale wa rangi ya kutu, wakatoka getini mbio wakitujia, na mimi nikasimama imara kabisa, sikutetemeka hata ukucha, ila nilipoangalia chini nikaona ukanda unaning'inia mtupu na vidole vyangu viko wazi. Nilikuwa nimemwachia. Nimemwachia Khekhe kwa mbwa wawili kama ninavyoachia mbwa kwa swala. Naye akakimbilia mahali pekee palipokuwa wazi, barabarani, na pikapu iliyojaa mboga ilikuwa inashuka, dereva akafunga breki, gari likateleza na kupita juu yake, yeye katikati ya magurudumu. Akatoka upande wa pili amejikojolea. Pale dukani niliwaambia watu kwamba nilikuwa namjaribu mbio, wakaniamini, wengine wakanisifu. Lakini usiku huo nyama yangu yote nilimpa Khekhe.

Nikasema basi, dawa ni kufunga. Nikafunga ukanda kwenye kola fundo la kweli na ncha zote mbili nikazifunga mkononi. Alhamisi asubuhi tukapita kwenye mikaratusi ile ya nyuma ya kanisa, ambako kuna tai, yule mkubwa mwenye kishungi, akikunjua mabawa anafunika Toyota, na hili sijaongeza hata kidogo. Kivuli kikapita juu ya nyasi. Nilichofanya sikukifikiri, nilivuta mkono juu, na Khekhe akaja juu na mkono, akining'inia kwa shingo kama samaki kwenye ndoana. Tai akaenda zake. Nilipomshusha Khekhe ulimi ulikuwa wa bluu na hapumui. Nikampulizia puani, nimewahi kumpulizia ndama, nimewahi kumpulizia hata farasi wa polisi, lakini safari hii nilikuwa napuliza huku nasema jina la dada yangu.

Akarudi. Ila tangu siku ile anakohoa, sauti yenyewe ni kama ya bata bukini, akichangamka kidogo tu anakohoa, akinywa maji anakohoa, na hatoki mlangoni, nikishika ukanda anaingia chini ya kitanda. Tai naye kila asubuhi yupo juu ya mkaratusi, namwona kutoka dirishani, ananitazama.

Na dada anapiga simu kila siku saa kumi na moja jioni. Anasema, "Niwekee nimsikie," mimi naweka simu chini, Khekhe anabweka, dada anacheka, wodi nzima inasikia. Juzi nilipoiweka simu akatoa kile kikohozi, nikaiondoa haraka na, mama, naona aibu kukiandika hiki, nikabweka mimi. Mimi mwenyewe. Nilibweka vizuri, mbwa wa Sibiya walinijibu. Dada akasema, "Mbona sauti yake imekuwa nzito?" Nikasema ni mtandao. Akasema, "Mtunze, mdogo wangu. Wenzangu humu wanakuja kutazamwa na watoto wao. Mimi nina huyo."

Anatoka mwisho wa mwezi. Kwa daktari wa wanyama naogopa kwenda kwa sababu ananifahamu, mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza kuhusu mbwa. Kumwambia dada naogopa zaidi. Lakini ninachokiogopa kuliko vyote sijamwambia hata mke wangu, ni huu mkono. Nakaa nao mezani nauangalia. Mkono wa miaka thelathini utaufundisha vipi usiachie? Nimpe mtu mwingine huyu mbwa, au ninyamaze nikitumaini kikohozi kitapona? Nijibu haraka, mama, namba yangu ya simu iko chini.

Mchunu, Mpophomeni

MAMA QONDENI ANAJIBU

Mchunu, nilikupigia kwenye hiyo namba Jumatatu mara tatu, hukupokea. Nadhani sasa unaogopa kila simu inayolia. Kwa hiyo nakujibu hapa, mbele ya watu.

Kama unasoma haya na Khekhe bado hajaonwa na daktari, weka gazeti chini, nenda, utarudi kumalizia. Mbeba kifuani au kwenye boksi lenye matundu ya hewa, shingoni asiwe na kitu chochote, na ulimi ukianza tena kubadilika rangi usisubiri hata kuvaa viatu. Mbwa wadogo wa aina yake koo la hewa ni jepesi sana, likiminywa linaweza kulegea na lisirudi kama lilivyokuwa, na kikohozi cha bata bukini ndiyo sauti yake. Kunyamaza hakuliponyi. Na mwambie daktari ulivyomwinua kwa shingo, umwambie hivyo hivyo. Ukimletea habari ya kupigana na tai atatibu ugonjwa mwingine. Unasema utaaibika kwa kuwa ulikuwa unamwelekeza. Utaaibika, ndiyo. Aibu hiyo itachukua nusu saa.

Nimekuonea huruma, sikatai. Mtu aliyebweka kwenye simu ili dada yake alale vizuri ana upendo, ila ameuweka mahali pabaya. Lakini lazima nikuseme pia. Dada yako alikupa kitu sahihi na maneno sahihi, na wewe ukavitundika msumarini kwa sababu Sibiya alikucheka. Sibiya alishaingia kwake kula, wewe umebaki na mbwa asiyepumua vizuri.

Daktari akikuruhusu kutoka naye tena, ushushe ule mkanda mwekundu. Mvalishe taratibu ndani ya nyumba kwanza, umpe kipande cha nyama kila anapokubali. Ukae kifuani, mbali na koo, na vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, si zaidi. Kisha mvute polepole kwa mbele yeye arudi nyuma, maana mbwa mwoga hujivua kwa kurudi nyuma, na ukiona bega linachomoka, kaza. Kulabu ya kamba iingie kwenye pete ya mgongoni. Shingoni abaki na kola nyepesi ya kubeba kibati cha namba ya simu, basi, kola hiyo haivutwi na mtu yeyote. Kamba iwe fupi, awe karibu na mguu wako. Asubuhi na jioni tai anapowinda msipite kwenye mikaratusi, na uani asiachwe peke yake hata dakika moja. Mbwa wakubwa wakija, usimwinue kwa kamba. Inama, mnyanyue kwa mkono chini ya kifua chake, wape wale mgongo wako, ondoka bila kukimbia.

Sasa mkono. Unauliza utaufundisha vipi. Hutaufundisha, Mchunu, umechelewa, na huna haja. Mkono wako haujakosea, umefanya kazi uliyoupa kwa miaka thelathini, kosa ni kuupa kazi ambayo si yake. Uondoe kwenye hiyo kazi. Chukua mkanda wa suruali, ule mpana, uupitishe kwenye kitanzi cha kamba, ufunge kiunoni. Kamba ibaki kiunoni kwako kila mtokapo. Kivuli kikipita, vidole vifunguke vyote kumi vikitaka, Khekhe hatakwenda popote, na ukiinua mkono juu hatainuka naye. Ule ukanda wa ngozi mpe Sibiya.

Umeuliza kama umpe mbwa mtu mwingine. Hapana. Fikiri kidogo: mtu aliyevunjika nyonga akitoka hospitali anatembea kwa magongo miezi kadhaa, hawezi kuvutwa hata na paka. Atakaporudi, atahitaji mtu wa kumtoa Khekhe nje kila siku, na amekuhesabu wewe kuwa ndiye mtu huyo. Kwa hiyo mwambie sasa hivi, akiwa bado kitandani mahali penye manesi. Anza na hali ya mbwa, daktari amesema nini. Halafu pikapu. Halafu shingo. Halafu sababu, kwamba uliona aibu ya mkanda mwekundu. Sababu hiyo ndiyo itakayomuuma kuliko yote na ndiyo utakayotamani kuiruka, usiiruke. Atalia, huenda atakutukana, nawe usijitetee wala usimkumbushe Midmar.

Akishamaliza, muulize kama bado anataka umtembeze mbwa wake. Akikataa, mtafutie mtu na umlipe wewe. Akikubali, atakuwa amekubali huku akijua alichokikubali, nawe utafunga kamba kiunoni ukiwa umeruhusiwa.