Mlango Umefunguka, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuachia gari ambalo halijakamilika na mizani ya jikoni ambayo Mama hajarudishiwa mpaka leo.

Kila bolti uliipima. Karakana nzima ikakuita Mzee Gramu, nawe ukacheka kuliko wote. Ulitaka gari jepesi, linalokunywa mafuta kidogo, ambalo likigonga pua yake ijikunje lakini chumba cha abiria kibaki kizima. Watu walikuambia, "Hilo ni kopo, si gari." Ukawajibu, "Subirini."

Ulianzia nyumbani: kigari cha bati, yai bichi kwenye kiti, ubao wa mteremko, ukuta. Mama alilalamika wee! "Baba watoto, na yai la leo nalo limepata ajali?" Yaliyopasuka tukayala ya kuvurugwa mpaka tukakinai. Hukumkasirikia mtu, ulifuta sakafu mwenyewe, ukaanza upya.

Jaribio lako la mwisho, la gari lenyewe, lilishindwa. Mlango ulikwama. Maradhi yalipokulaza hospitalini ulituambia, "Abiria akiwa hai lakini hawezi kutoka, sijafanya kitu. Na msiniongezee chuma."

Wenzako walitaka kuongeza chuma. Mimi, kitinda mimba wako uliyenifundisha kushika tupa, nilikataa katakata. Ubishi huu nimeurithi kwako. Tulikata mikunjo mingine miwili kwenye boriti za mbele, ili kishindo kiishie hapo kabla hakijafika mlangoni. Mara mbili tulikosea. Nililia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Wiki iliyopita tulilibamiza tena ukutani. Pua ilikunjamana yote. Kabla hatujasogea, Mama alishafika mlangoni. Akauvuta kwa mkono mmoja, ukafunguka. Kwenye kiti, ndani ya kikombe cha sifongo ulichokishona mwenyewe, yai lilikuwa zima.

Mama alilishika, machozi yakamtoka. "Mbishi wewe," alisema, "leo umeniachia la kupika."

Hajalipika. Liko juu ya mizani yako.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mkweo, wajukuu zako na mafundi wote wa karakana. Kesho tunaanza kuunda lile la kuingia barabarani. Maadamu tunapumua, Baba, hatutakusahau.