Kelele za Chumba cha Pili

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kaanza tena. Tumetenganishwa na ukuta mmoja tu — nasikia kofi, kiti, kisha mdogo wangu analia. Nikatoka mbio. Mama mwenye nyumba akaniwahi uani: hizo kelele za mke na mume, binti, usiingilie, kesho watacheka. Kelele! Redio ndiyo kelele. Mtu anavunjwa mbavu, nayo ni kelele?

Jumatano, 6 Machi
Jicho la mdogo wangu limefumba kwa uvimbe. Eti kajigonga kabatini. Nikamuuliza, hilo kabati limevaa pete ya ndoa? Akacheka, akashika mbavu. Nikamsihi ahamie kwangu. Hataki. Ataniua, dada, akasema, hata sauti haikutetemeka.

Alhamisi, 7 Machi
Karakanani grenda imemkata fundi mwenzangu kidole. Sisi hatupigi yowe — nani atasikia na zile mashine? Unagonga chuma mfululizo. Nikagonga. Mashine zote zikazimwa, watu wakaja mbio, wengine na vitambaa mkononi.
Nimerudi na nyundo mkobani. Nimemwambia mdogo wangu: akikugusa tena, nagonga geti. Watakuja tu.

Jumapili, 10 Machi, mchana
Nimegonga! Nilimwona shemeji dirishani amemkaba shingo, nikakimbilia geti, nikaligonga kwa nyundo mpaka viganja vikawaka moto. Milango ikafunguka — yote, wallahi! Wakanijia juu mimi. Kelele gani hizi Jumapili? Una wazimu? Mtoto amelala! Mama mwenye nyumba kasema nihame. Shemeji naye akatoka kuchungulia, mdogo wangu akapenya ubavuni mwake, nikamvuta ndani kwangu, tukatia komeo.

Yuko chini ya kitanda, anatema damu kwenye taulo langu. Naandika ili ushahidi ubaki. Polisi nimewapigia. Wakauliza, ni kelele za namna gani, mama? Nikasema za kuua. Wakasema subiri.

Shemeji yuko mlangoni. Hagongi kwa mkono. Ni chuma juu ya mbao, mlio huo naujua — Mungu wangu, nyundo! Niliiacha getini.

Nimeegemeza kabati. Bawaba ya juu imeng'oka. Tumepiga mayowe sote wawili mpaka makoo yamekauka.

Huko uani wanafunga madirisha. La jirani. La mama mwenye nyumba. La