Mwenzake Rijili

Kaloleni, 15 Januari 2023

Kaka Tsofa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi Margret kifua kinaendeleaje?

Jumamosi nilielekeza darubini kwa Rijili, ile nyota kali ya mguuni mwa kundinyota la Jabari, kama tulivyoagana. Mwaka jana nilimwona mwenzake bila shida, kile kinukta kilichojibana ubavuni mwake. Safari hii hakuna, na mbingu ilikuwa safi. Nimebadili lenzi, nimejaribu jicho hili na hili. Hata uzi kwenye sindano ya cherehani siku hizi unanishinda. Naogopa, kaka. Alhamisi nataka kwenda kwa daktari wa macho. Au ni darubini tu? Wewe ulikiona?

Mdogo wako,
Kanze

Mikindani, 22 Januari 2023

Mdogo wangu Kanze,

Marahaba. Huku salama. Kifua cha wifi yako kimetulia. Sauti ya kunigombeza ndiyo haijawahi kuugua.

Nami nilipanda darini na kidarubini changu. Unavyonijua, robo saa nzima nilistaajabia nyota nyekundu, kumbe ni taa ya mnara wa simu. Nilipoipata Rijili yenyewe, mwenzake hata mimi sikumwona. Tumezeeka, Kanze. Mimi juzi nimetafuta miwani nyumba nzima nikiwa nimeivaa. Pangusa lenzi, ulale. Huyo daktari atakutisha bure.

Kakako,
Tsofa

Kaloleni, 5 Machi 2023

Kaka Tsofa,

Shikamoo. Habari za huko? Nilicheka mpaka Selpher akaja kuuliza kuna nini. Kwa daktari sikwenda tena. Jana nilijigonga kwenye mwimo wa mlango, nikakukumbuka wewe na miwani yako. Basi tuzeeke sote.

Mdogo wako,
Kanze

Kaloleni, 18 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Naandika mimi Selpher, kwa kuwa mama haoni tena mstari. Ni presha ya macho. Daktari amesema ilimla kutoka pembeni, polepole, na kilichopotea hakirudi. Angefika mapema, dawa ya matone ingeizuia. Alimwuliza mbona alikaa karibu miaka miwili. Mama akamjibu, "Kaka yangu yuko hivihivi, na ni mzima."

Daktari akasema ugonjwa huu hutembea katika familia. Tangu hapo mama hatulii. Anataka upimwe wiki hii, usingoje kama yeye. Anakuombea kila jioni.

Mwanao,
Selpher

Mikindani, 1 Desemba 2024

Selpher mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tano. Msomee mama yako, usiruke neno.

Kanze, nimepimwa. Macho yangu ni mazima. Hata Januari ile yalikuwa mazima. Kinukta nilikiona papo hapo, licha ya taa zote hizi za Mikindani. Nilitaka tu usiogope, nami kazi ninayoijua ni kujifanya bwege ili watu wacheke. Mambo ya macho sikuyajua, wala sikuuliza mtu.

Sikuombi kitu. Nimeona nikwambie, usiendelee kuniombea.

Kakako,
Tsofa

Kaloleni, 20 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea yote, mara mbili, kwa kuwa alidhani nimekosea kusoma. Kisha akasema, "Mungu ashukuriwe, yeye ni mzima."

Nilitaka nikuandikie hilo tu. Lakini alipoinuka, akipapasa ukuta kwenda chumbani, aliniambia barua zako zikija nisimsomee.

Selpher