Mawe ya Nanjala

Malava, Kakamega

Mama Mghoi mpenzi,

Goti lako linasemaje na baridi ya huko mlimani? Wajukuu hawajambo? Mimi mzima, ila kifua kinakoroma kidogo, maana huku mvua hunyesha kila alasiri, na kazi yangu inaitaka mvua.

Uliniuliza chuo kimenituma kupiga picha za kitu gani hasa. Ni likeni, yale madoa ya kijivu na manjano yanayogandamana na mawe na magome ya miti, pamoja na ule ukijani laini unaofunika magogo. Jua likiwaka hunywea. Mvua ikinyesha hufumbuka na rangi zake zikatoka. Basi mimi huingia msituni wakati wengine wanakimbilia nyumbani, nikapiga magoti matopeni, nikaisogeza lenzi hadi karibu niguse jiwe. Likeni hukua polepole mno. Doa la upana wa sarafu laweza kuwa na umri wa kumshinda Mghoi wetu. Likumbuke hilo, maana ndilo lililoniingiza katika jambo hili.

Nimepanga kwa mjane aitwaye Mama Nanjala, ambaye shamba lake linapakana na msitu. Nanjala alikuwa binti yake. Aliachika, akarudi nyumbani, akaugua, akafa. Kwa desturi ya huku binti wa namna hiyo hazikwi uani. Hupelekwa pembezoni, bila mkutano mkubwa. Walimlaza kwenye ukingo wa msitu. Miaka mingi ikapita, msalaba wa mti ukaliwa na mchwa, yakabaki mawe.

Sasa kila mtu hapa anapanda miwa. Trekta haliletwi kwa kipande kimoja kimoja. Lazima majirani waunganishe mashamba. Makokha, shemeji yake huyu mjane, ndiye aliyewakusanya. Mama Nanjala aliomba mahali pa kaburi paachwe. Makokha, ambaye wakati wa maziko alikuwa kazini mbali, akasema hakuna kaburi.

"Shemeji, hiyo mawe umebeba juzi tu. Unataka kutuzuilia trekta."

"Waliochimba si hawa hapa? Waulize!"

Waliochimba wakatazama miguu yao. Nao walikuwa wameshatoa mashamba yao.

Nikaenda kuyatazama mawe mvuani. Mawili yaligusana, na likeni moja ilikuwa imeota ikavuka kutoka jiwe hili hadi lile, kama kiraka kilichoshona nguo mbili. Mawe yaliyoletwa juzi hayawezi kushonwa hivyo. Nikapiga picha za karibu, nikamweleza Makokha mbele ya watu.

"Mwalimu," akasema, "umetoka Taita yote hiyo kuja kupiga picha ukurutu ya mawe? Si uipake dawa!"

Watu wakacheka. Liguru, mzee wa kijiji, hakucheka. "Leta hiyo picha, tutaangalia."

Filamu husafishwa mjini Kakamega. Nilikwama huko kwa sababu ya matope hadi mvua ilipokatika siku chache na barabara ikakauka, na ukavu uleule ndio uliolileta trekta. Niliporudi, miti ya ukingoni ilikuwa imeng'olewa na vipande vya miwa vimeshafukiwa.

Liguru alizisogeza picha karibu na macho. "Ni kweli, Mwalimu. Hata mimi naona. Lakini miwa imeshapandwa. Nani ataing'oa?"

Mama Nanjala alichukua picha moja, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. "Mwalimu, mtoto wangu alikuwa upande gani wa hii shamba?"

Nilikuwa nimesogea karibu mno, mke wangu. Kila ukunjo wa likeni ulionekana, hata matone ya mvua. Mti haukuwamo, wala kilima, wala njia. Picha haikuonyesha mahali.

Jana tulikwenda kwenye rundo la mawe lililosukumwa pembeni. Tulipekua katika manyunyu hadi nikayapata yale mawili, likeni imepasuka, nusu huku, nusu huku. Nikayakutanisha. Kingo zikalingana. Mama Nanjala akatazama mistari ya miwa, ambayo yote ni sawasawa.

"Sasa tutaweka wapi?" akauliza.

Tuliyabeba hadi kwake, tukayaweka chini ya upenu, mahali ambapo mvua huyafikia.

Nisalimie kaka yako Mwadime anayetuangalizia ng'ombe, na mama mkwe wangu, umwambie dawa yake ya kifua bado naitumia. Na hilo uliloniandikia, kwamba Mghoi amerudi kutoka kwa mumewe na majirani wameanza kunong'ona: mpe chumba cha mbele. Mwambie baba yake amesema kwao ni hapo, ndani ya ua, leo na siku zote.

Ni mimi wako, niliye mvuani,

Baba Mghoi