Jiwe Ulilodai Kulipanda

Kamwene, baba.

Nimelipata lile jiwe lako. Usianze kuchekelea.

Unakumbuka pale nyumbani Ilomba? Mgeni akishika tu kikombe cha chai, unaanza: jiwe la milimani ulilolipanda wiki niliyozaliwa, lililowashinda vijana wote wa mashamba ya viazi. "Nikavua viatu kwanza," hukuacha kusema, "nikapanda, nikaacha kokoto jeupe la kwetu Ilula." Mimi nilikuwa nayatazama macho yako. Mtu aliyetuambia kwamba alivua bwawani Mtera samaki mwenye uzito wa mbuzi, nimwamini vipi? Na vile viatu ndivyo vilivyonitia shaka zaidi. Uongo ulionogeshwa haukosi vitu vidogovidogo kama hivyo.

Siku ile wodini ulianza tena, nikakukatiza: "Baba, mbona unapenda kudanganya?" Ukageukia ukutani. Wiki haikuisha, tukakuzika. Neno lile linanisuta tangu hapo. Ndiyo maana nimepanda milima hii ya Mbeya, nijue kama nilikuonea au la.

Nilitafuta jiwe kubwa, la kujisifia. Wapi! Mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi akanionyesha jiwe lenyewe, kimo chake kimezidi mlango wa jikoni kidogo tu. Nilicheka kwa hasira. Kisha nikazunguka nyuma kutafuta ulikopitia.

"Huko hata mbuzi hapandi, dada," mama yule akasema, ameegemea jembe lake.

Kweli, nyuma ni korongo tupu. Mbele nako jiwe limetoa kitambi, halina pa kushika. Nikalivamia na raba zangu mpya, nikaanguka mara sita, ya mwisho kwa makalio. Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Nikiwa palepale kwenye nyasi, nikaona kitundu usawa wa goti. Raba haiingii. Aisee, baba! Nikavua viatu. Kidole gumba kikaingia, nikajisukuma, mkono ukafika ukingoni, nikajiburuta juu kwa tumbo.

Juu kuna kishimo, na kokoto jeupe lilikuwemo. Unajua nilivyo: nikawaza, huyu mzee alilirusha kutoka chini. Nikasogea. Yalikuwa mawili, baba. Kubwa na dogo, yamelazwa ubavu kwa ubavu. Lile dogo hukumwambia mtu, hata mama. Mawe ya kurushwa hayalali hivyo.

Nikakaa nikalia, ukungu unanipita. Nilikuonea, na nilikuonea ukiwa mgonjwa. Nisamehe. Kokoto langu sikulichukua, nimeliacha hapohapo ubavuni mwako.

Ila yule samaki wa Mtera, baba, hapana.

Ni mimi bintiyo, mbishi wako