Salamu Yangu Hujaijibu

Nachingwea, 12 Februari 1950

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti limekupa nafasi. Mimi sijambo, nakula mpaka suruali inabana.

Kazi ni ile ile ya kufyeka msitu wa kupanda karanga. Trekta mbili zinavuta mnyororo mmoja mnene, miti inalala chini, nasi tunafuata nyuma na mashoka. Rozari ya marehemu baba naivaa shingoni kila siku, usiwe na wasiwasi. Habari za kanisani?

Mwanao,
Severini

Ruangwa, 5 Machi 1950

Mwanangu Severini,

Milele amina. Marahaba. Goti linauma kwa zamu, leo ni zamu ya kupumzika.

Umeuliza kanisa. Tangu baba yako katekista atutoke, Jumapili naongoza rozari mimi. Mvua imeangusha paa. Tumebaki watatu: mimi, Aurelia, na mzee Ildefonsi anayesinzia kabla hatujamaliza ishara ya msalaba. Padre amekuja na pikipiki yake, akasema asipopatikana mwalimu wa dini mwanamume anayejua kusoma hadi Krismasi ya mwakani, kigango kinafungwa, tutakwenda kusali misheni, mwendo wa siku nzima. Nikamwambia mwalimu yupo, anakata miti Nachingwea. Usicheke. Kitabu cha baba yako nimekifunga kwenye kitambaa, mchwa hawajakiona.

Mama yako,
Domitila

Nachingwea, 20 Agosti 1950

Mama,

Shikamoo. Barua hii ananiandikia rafiki yangu Kaimu, maana mimi siwezi. Mwezi wa sita tawi liliniangukia, nikakatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Nimelala hospitali wiki saba. Wamenitunza vizuri, sina wa kumlaumu.

Ila siku ile nilikuwa nimesali asubuhi, na rozari ya baba ilikuwa shingoni. Basi mama, usinitaje tena kwa Padre. Mwalimu gani hana mkono wa kufanyia ishara ya msalaba? Mimi na Mungu hatusemeshani.

Mwanao,
Severini

Ruangwa, 3 Septemba 1950

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne machozi yalinizuia. Jirani yetu Biasha amelia nami, akakuombea kwa dini yake, nami kwa yangu. Nilianza safari ya kuja huko, goti likagoma njiani, nikarudishwa juu ya baiskeli kama gunia la mtama.

Sasa nisikilize. Husemeshani na Mungu, sawa. Tulipowazika wadogo zako wawili katika wiki moja, baba yako naye alinyamaza mwezi mzima. Lakini kila Jumapili alipiga ngoma ya kuita watu, akakaa pale mbele, mdomo umefungwa. Nikamuuliza, unafanya nini hapa? Akasema: “Nimekasirika, sijahama.”

Nawe kasirika mwanangu. Usihame.

Halafu, umeniamkia, lakini ile salamu yetu hukuiweka. Nimeona. Mimi nitakuandikia hivi hivi mpaka uniitikie. Mkono wa kushoto unao.

Mama yako,
Domitila

Ruangwa, 14 Januari 1951

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Paa tumeliezeka. Biasha na ndugu zake, Waislamu watupu, wameleta mizigo kumi ya nyasi, wakasema marehemu baba yako hakukosa msiba wao hata mmoja. Ngoma imepasuka, nagonga sufuria. Mzee Ildefonsi sasa hasinzii. Tumefika saba.

Mama yako

Ruangwa, 29 Julai 1951

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nasikia kazi ya karanga imekwisha, watu wanarudi makwao. Sufuria imetoboka. Nimeanza kugonga ya Aurelia.

Mama yako

Nachingwea, 25 Novemba 1951

Mama yangu,

Herufi hizi zinazopepesuka ni za mkono wangu wa kushoto. Nimejifunza tangu Kwaresima. Sikuwa na kitabu, kwa hiyo nilinakili barua zako, kila siku, kuanzia mstari wa kwanza. Salamu yako nimeiandika zaidi ya mara mia. Mwanzoni niliiandika kwa hasira. Hasira bado ipo kidogo, sikufichi. Lakini nilipokuwa nanakili maneno ya baba nililia sana, nikajua kwamba hata mimi sijahama.

Nimeomba sahani moja ya plau kuukuu, lile jembe la trekta, chuma kipana kama ungo, nikapewa. Fundi ametoboa tundu la kupitishia kamba, itundikwe iwe kengele. Lori linanileta Jumamosi ijayo. Sufuria ya Aurelia mrudishie apikie. Jumapili kaa ndani ya kanisa na wenzako, kitabu cha baba kikiwa mezani, usigonge kitu. Nitagonga mimi, kwa mkono huu huu, na ishara ya msalaba nitaifanya kwa huu huu. Padre akiwa na neno, atanikuta pale mbele.

Na lile jibu ulilolisubiri tangu mwaka jana, mama, hili hapa:

Milele amina.

Mwanao,
Severini