Kaunta ya Tovuti ya Ndege

Kadzo, uko hapo kwenye chati? Ndiyo kwanza twatoka kwa yule mwenye hoteli. Uso sina!

Mimi na mwenzangu Mwidani tulikwenda kumwomba atulipie tovuti yetu ya ndege wa mikokoni, tuvuke nayo hadi mwaka elfu mbili. Wengine wote walishakataa, wajua. Alibaki yeye tu.

Mwidani akajigamba kwa ile kaunta ya kuhesabu wageni chini ya ukurasa. "Mzee, tumetembelewa mara mia nne na kumi na mbili!"

Mzee akauliza kwa upole, "Na hao ni kina nani?"

Kina nani, shoga!

Mwidani akainama. "Wallahi, mzee, nyingi ni mimi. Kila asubuhi kazini hufungua nitazame kama kuna mtu aliyefungua."

Nyingi ni mimi! Mbele ya mzee wa watu!

Nilitaka kumrukia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nami hufungua kila mchana, nikiona namba imepanda nafurahi, nasema tumepata wageni. Kumbe mgeni wangu ni Mwidani, na mgeni wake ni mimi.

Miaka miwili twazama matopeni kwenye mikoko ya Kisauni, na darubini ya kuazima!

Mzee alituagizia soda, akatusindikiza mpaka mlangoni. Hakusema hapana. Ya nini?

Ijumaa tovuti inazimwa. Nimerudi ofisini Changamwe, nimeifungua kuiaga. Kaunta yasema mia nne na kumi na nne.

Mwidani yuko hapa kando yangu, hajagusa kompyuta. Ya kumi na nne ni mimi sasa hivi; ya kumi na tatu ni nani?

Kadzo, tafadhali, niambie si wewe.